Kwa nini jengo la injini la Elsecar lihifadhiwe palepale lilipo?

Mzawa wa Lindi (muuliza swali)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mwezi uliopita nilimtembelea mpwa wangu anayesoma Sheffield, Uingereza, naye akanipeleka katika kijiji cha Elsecar, karibu na mji wa Barnsley, kuona jengo refu la mawe ambalo ndani yake mna injini ya kuvutia maji ya mgodi wa makaa ya mawe. Injini hiyo ilijengwa mwaka 1795 kwa ajili ya mgodi wa Lodi Fitzwilliam, ikafanya kazi hadi mwaka 1923, na mwongozaji wetu alisema kuwa ndiyo injini pekee ya aina ya Newcomen duniani ambayo bado imesimama mahali ilipojengwa, juu ya shimo lake mwenyewe. Nilivutiwa sana, lakini nimerudi nyumbani na maswali ambayo sikupata nafasi ya kuyauliza.

La kwanza ni hili. Thomas Newcomen alisimamisha injini yake ya kwanza inayojulikana mwaka 1712, karibu na ngome ya Dudley, naye James Watt alipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya injini iliyo bora zaidi mwaka 1769. Ilikuwaje basi tajiri kama Lodi Fitzwilliam, ambaye angeweza kununua mtambo wowote autakao, aagize mwaka 1795 injini ya mtindo uliokwisha kupitwa na wakati kwa zaidi ya miaka 25?

La pili ndilo linalonisumbua zaidi. Jengo ni la zamani, mawe yake yanahitaji kutunzwa, na fedha zilizotumika kulikarabati hadi mwaka 2014 hazikuwa kidogo. Kama kilicho cha thamani ni injini, kwa nini isifunguliwe vipande vyake na kupelekwa katika jumba kubwa la makumbusho mjini, ambako watu wengi zaidi wangeiona bila ya kusafiri hadi kijijini? Isitoshe, siku hizi injini yenyewe haiendeshwi kwa mvuke bali kwa mtambo wa haidroliki uliofichwa, yaani unaosukumwa na kimiminiko kilichobanwa. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie, kwa sababu sitaki kubaki na mshangao mtupu kama mtu aliyeona mnara bila ya kujua ulijengewa nini.

---

Fundi Mstaafu, Tabora

Ndugu Mzawa wa Lindi, nimefanya kazi katika karakana za reli kwa muda mrefu, na swali lako la pili limenigusa kwa sababu linatokana na dhana ambayo hata mafundi wengi wanayo, kwamba injini ni kitu kimoja na jengo ni kitu kingine kinachoikinga isinyeshewe. Kwa mashine unazozijua wewe na mimi, dhana hiyo ni sahihi. Kwa injini ya Newcomen si sahihi hata kidogo, na ili kulieleza hilo ni lazima kwanza nieleze jinsi inavyofanya kazi.

Juu kabisa ya jengo kuna wenzo mkubwa unaopanda na kushuka kama mkono wa mizani. Upande mmoja wa wenzo umo ndani ya jengo, nao umeunganishwa na pistoni iliyo katika silinda ya wima. Upande wa pili unatokeza nje kupitia ukutani, ukining'iniza fito nzito za pampu zinazoteremka shimoni. Kwa kuwa fito hizo ni nzito, injini ikiwa imetulia upande wa shimo ndio unaoshuka, na pistoni huwa juu. Mvuke kutoka kwenye boila huingia chini ya pistoni na kuijaza silinda. Wengi hudhani kuwa mvuke huo ndio unaosukuma, lakini sivyo. Kanieneo yake, yaani nguvu yake ya kusukuma, haizidi sana ile ya hewa ya kawaida. Kinachofuata ndicho kiini cha ubunifu wote: vali ya mvuke hufungwa, maji baridi hurushwa ndani ya silinda, mvuke hugeuka maji ghafla, na pale ulipokuwa hubaki ombwe, yaani nafasi tupu isiyo na hewa. Hapo hewa ya nje, hewa hii hii tunayoivuta, huikandamiza pistoni na kuishusha kwa nguvu, wenzo hugeuka, fito za pampu hupanda, na maji ya mgodi hupanda pamoja nazo.

Silinda iliyowekwa Elsecar mwaka 1801 badala ya ile ya kwanza ina kipenyo cha inchi 48, yaani karibu sentimita 122. Eneo la pistoni yake ni zaidi kidogo ya mita moja ya mraba, na hewa hukandamiza kila mita ya mraba kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban tani 10. Ombwe halikuwa kamili kamwe, kwa hiyo tuseme karibu nusu ya nguvu hiyo ndiyo iliyofanya kazi. Hata hivyo, fikiria tani tano au sita zikivutwa na kuachiwa, tena na tena, usiku na mchana, kwa zaidi ya karne moja.

Sasa jiulize nguvu hizo zilikuwa zikibebwa na nini. Injini ya garimoshi ina fremu yake ya chuma. Ukiitoa karakanani bado ni injini. Injini ya Elsecar haina fremu. Fremu yake ni jengo. Ukuta ule mnene unaotazama shimo ndio unaobeba wenzo kwenye egemeo lake, nao ndio uliopokea kila mpigo. Silinda imeshikwa na maboriti mazito yaliyopachikwa katika kuta za pembeni. Ukiondoa vyuma na kuacha mawe, umeacha nusu ya mashine, na hivyo vyuma ulivyoondoka navyo, hata ukivipanga vizuri namna gani ndani ya ukumbi wenye taa, vitahitaji kutengenezewa mhimili wa bandia wa kuvishikilia. Ndiyo maana mimi nasema bila kusitasita kwamba Elsecar hawakuhifadhi jengo kwa ajili ya injini. Wamehifadhi mashine moja, ambayo sehemu yake kubwa imejengwa kwa mawe na sehemu yake nyingine ni shimo.

---

Mwalimu wa Historia, Morogoro

Shikamoo Fundi, na ahsante kwa maelezo yaliyonyooka. Naomba nijibu swali la kwanza la ndugu yetu, kwa kuwa ni swali la uchumi kuliko la ufundi.

Udhaifu mkubwa wa injini ya Newcomen ulikuwa ulafi wake wa makaa. Silinda moja ilipashwa moto kwa mvuke na kupozwa kwa maji baridi katika kila mpigo, na kwa hiyo joto jingi lilipotea bure. Sehemu ndogo sana ya nishati ya makaa, chini ya asilimia moja, ndiyo iliyogeuka kuwa kazi. Watt aliuondoa upotevu huo kwa kuupoza ule mvuke katika chombo cha pembeni, silinda ikabaki moto wakati wote. Lakini yeye na mshirika wake Matthew Boulton hawakuuza ubunifu huo bure: kwa kawaida walidai mrabaha wa theluthi moja ya thamani ya makaa ambayo mteja aliyaokoa, na hataza yao ilidumu hadi mwaka 1800.

Mwenye mgodi wa shaba au bati kule Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako makaa yote yaliletwa kwa meli, alikuwa na sababu ya kuulipa mrabaha huo, maana kila gunia alilookoa lilikuwa fedha. Mwenye mgodi wa makaa hakuwa na sababu hiyo. Mlangoni mwa shimo lake palikuwa na chenga za makaa, yale makaa madogomadogo yaliyovunjika ambayo wanunuzi hawakuyataka, na boila ya injini ya Newcomen iliyala bila kulalamika. Kuyaokoa kungemletea faida gani? Injini ya zamani ilikuwa rahisi kujengwa, mafundi wa eneo lile waliijua, na sehemu zake hazikuhitaji usahihi mkubwa wa kukereza. Kwa hiyo Lodi Fitzwilliam hakukosea wala hakuwa nyuma ya wakati. Aliagiza mashine iliyolifaa shimo lake.

Tusisahau pia kwamba mwaka huohuo, 1795, ulianzishwa pale Elsecar ufuaji mkubwa wa chuma, na miaka michache baadaye tawi la mfereji wa Dearne na Dove likafikishwa kijijini ili makaa yasafirishwe kwa mashua. Mgodi mpya ulilenga tabaka nene la makaa la Barnsley, ambalo lisingefikiwa kwa kina kile bila ya kuondoa maji. Kwa maneno mengine, tanuri, mfereji na nyumba za wafanyakazi vyote vilitegemea kwamba ule wenzo haungesimama. Mtu akisimama leo mbele ya jengo lile anaweza kutembea kwa dakika chache tu akaviona vingi kati ya hivyo, na uhusiano wao ukamwingia akilini bila ya kuambiwa. Uhusiano huo hauwezi kupakiwa kwenye lori.

---

Mkaazi wa Dortmund

Salamu kutoka Ujerumani. Nakubaliana na wazee walionitangulia, lakini naomba niongeze mfano ambao kwangu ni wa jirani, kwa sababu unaonyesha jinsi kuhifadhi kunavyoweza kuamuliwa dakika za mwisho.

Katika kitongoji cha Bövinghausen, magharibi mwa Dortmund, kuna mgodi wa makaa wa Zollern II/IV, uliojengwa kuanzia mwaka 1898. Ukumbi wake wa mashine si wa mawe kama ule wa Elsecar. Ni wa fremu ya chuma iliyojazwa matofali na vioo, na lango lake, lililosanifiwa na Bruno Möhring, lina vioo vya rangi na mistari inayopinda kama mimea, kwa mtindo uliopendwa sana Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani yake mna ubao wa swichi wa marumaru, na pia mtambo wa umeme wa kupandishia vizimba vya wachimbaji na makaa, ambao ni miongoni mwa ya kwanza kabisa ya aina yake. Kwa hiyo pale ambapo Elsecar inaonyesha mwanzo wa mvuke, Zollern inaonyesha mvuke ukianza kuupisha umeme.

Mgodi ulipofungwa katika miaka ya 1960, ukumbi huo ulipangiwa kubomolewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Wasanii, wasanifu na wapiga picha, wakiwamo Bernd na Hilla Becher, walisimama kidete kuutetea, na mwaka 1969 ukawekwa chini ya ulinzi. Jambo hilo lilikuwa geni sana Ujerumani wakati huo, kwani makanisa na makasri ndiyo yaliyohesabiwa kuwa urithi, si karakana. Tangu mwaka 1981 mahali hapo pamekuwa sehemu ya jumba la makumbusho ya viwanda la eneo la Westfalia, na ukumbi wenyewe ulifunguliwa tena mwaka 2016 baada ya ukarabati wa miaka mingi, maana chuma na vioo vya zaidi ya karne moja havikarabatiwi kwa pupa.

Hata hivyo, nina neno la tahadhari kwa Fundi. Minara ya kupandishia unayoiona Zollern leo si ile ya asili. Ya asili iliondolewa, na hii ilitolewa katika migodi mingine ya eneo letu na kusimamishwa pale. Je, tuseme mahali pale pamepoteza ukweli wake? Mimi sidhani. Na ile injini ya Newcomen ya karibu na Ashton-under-Lyne, Uingereza, iliyojulikana kwa jina la Fairbottom Bobs, ambayo Henry Ford aliipeleka Dearborn nchini Marekani karibu na mwaka 1930, ipo hadi leo katika jumba lake la makumbusho kwa sababu ilihamishwa. Ilikuwa imeachwa mahali wazi, ikishambuliwa na kutu. Palepale ni bora, lakini pale ambapo palepale maana yake ni kuoza, kuhama si usaliti.

---

Mama Rehema, Mwanza

Nimesoma michango yote kwa makini na nimejifunza mengi, lakini kuna kitu kinanikera, nami nitakisema waziwazi kwa heshima. Tumeambiwa habari za lodi, za hataza, za silinda na za vioo vya rangi. Hatujaambiwa habari za watu waliokuwa chini ya ardhi wakati wenzo huo ukipanda na kushuka. Injini iliyoondoa maji ndiyo iliyomwezesha mwenye mgodi kuwapeleka watu chini zaidi, na si watu wazima peke yao.

Kijiji cha Silkstone kipo upande wa pili wa Barnsley, si mbali na Elsecar. Tarehe 4 Julai 1838, katika mgodi wa Huskar, mvua kubwa ya radi ilifanya kijito kifurike na maji yakaingia katika njia ya mteremko ambayo watoto walikuwa wakiitumia kutokea nje. Watoto 26 walikufa maji, wavulana na wasichana, mdogo wao akiwa na umri wa miaka saba. Msiba huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyosababisha uchunguzi wa serikali na hatimaye sheria ya mwaka 1842 iliyowapiga marufuku wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi. Mnara wa kumbukumbu ya watoto hao upo katika uwanja wa kanisa la Silkstone, nao haukuhitaji haidroliki. Ninachouliza ni hiki: tunapotumia fedha nyingi kuifanya mashine isogee, je, tunamwambia mgeni nani alikuwa akiingojea ifanye kazi?

---

Fundi Mstaafu, Tabora

Mama Rehema, umenena, nami nakiri kuwa nilizungumza kama mtu wa karakana. Lakini niruhusu nikuonyeshe kwamba jengo la injini na watu wa chini si habari mbili.

Tarehe 16 Januari 1862, katika mgodi wa Hartley huko Northumberland, wenzo wa chuma wa injini ya kuvutia maji ulikatika. Ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 40, na takriban nusu yake ilidondoka ndani ya shimo, ikavunja ukuta wa mbao uliokuwa ukiligawa shimo hilo na kuburuta kila kitu kilichokuwa njiani. Mgodi ule ulikuwa na shimo moja tu. Hewa, maji, makaa na watu vyote vilipitia humo, na lilipozibwa hapakuwa na mlango mwingine. Wanaume na wavulana 204 walikufa. Wachache walikuwa kwenye kizimba wakipandishwa. Wengine wote walinaswa chini, wakauawa na gesi kabla ya waokoaji kuwafikia siku kadhaa baadaye. Bunge lilipitisha sheria mwaka huohuo kwamba kila mgodi uwe na njia ya pili ya kutokea.

Kwa hiyo mtu anapotazama wenzo wa Elsecar, ambao nao ni wa chuma na uliwekwa mwaka 1836 badala ya ule wa mbao, anatazama pia kitu kilichoning'inia juu ya vichwa vya watu. Ukiuona ndani ya jumba la makumbusho, umewekwa chini kwenye sakafu, hutalihisi hilo. Ukiuona palepale, nusu ndani na nusu nje, na shimo likiwa chini yake, hutahitaji kuelezwa kwa maneno mengi. Mimi naona hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kutolihamisha jengo, nami nakushukuru wewe kwa kunifikisha hapo.

Mwaka 1928, miaka mitano baada ya injini kupumzishwa, pampu za umeme zilizochukua nafasi yake zilizidiwa na maji, na mashine hii kongwe ikawashwa tena hadi maji yakapungua. Natamani wageni wote wangeambiwa habari hiyo wakiwa wamesimama ukingoni mwa shimo.

---

Mzawa wa Lindi

Nawashukuru nyote. Mama Rehema, mwongozaji wetu alizungumzia kidogo wafanyakazi na nyumba walizojengewa kijijini, lakini habari za Huskar sikuzisikia pale. Nitakapokwenda tena nitafika Silkstone pia. Mkaazi wa Dortmund, mfano wako wa Zollern umenifungua macho.

Limebaki jambo la haidroliki. Je, mwendo tunaouona sasa ni wa kweli, au ni maonyesho tu?

---

Fundi Mstaafu, Tabora

Mwendo ni wa kweli, nguvu inayouzalisha ndiyo siyo ya asili. Boila za zamani hazipo tena, na hata kama zingekuwapo, kuirudishia mvuke silinda ya mwaka 1801 na kuipoza ghafla kwa maji baridi katika kila mpigo ni kuiweka katika hatari ya kupasuka. Chuma cha kusubu hakipendi kupashwa moto na kupozwa mara kwa mara katika umri ule. Haidroliki huusogeza wenzo polepole, kwa nguvu inayodhibitiwa, na kuta hazitikiswi kama zamani. Mtu akitaka kuona injini ya namna hii ikiendeshwa kwa mvuke, aende Dudley, ambako jumba la makumbusho la Black Country lina nakala kamili ya ile ya mwaka 1712, iliyojengwa upya kwa kazi hiyo hasa na kukamilika mwaka 1986. Nakala ifanye kazi ngumu, na ya asili ipumzike.

Utakaporudi Elsecar, usikimbilie ghorofa ya juu. Anza nje, simama upande wa shimo, tazama pale ambapo wenzo unatokeza ukutani, kisha ulinganishe unene wa ukuta huo na kuta nyingine tatu. Ndipo uingie ndani.